Samaki Kwenye Bwawa la Ng'ombe

Jumamosi, 18 Januari 2025
Mzee Obura, jirani aliyejenga nyuma ya boma letu, ametia samaki kwenye bwawa. Bwawa la ng'ombe! Na kaka yangu Moses, mwenyekiti wa kamati ya bwawa, amekubali — eti ameahidiwa tilapia za Pasaka. Moses, ambaye hajui hata kutoa miiba! Nimecheka, kisha nimekasirika upya.

Jumapili, 26 Januari
Maji yamekuwa kijani. Nimemkuta Obura akimwaga mbolea ya kupandia na samadi ya kuku, gunia zima. Anasema kwao kidimbwi hulishwa hivyo, ule ukijani ndio chakula cha samaki. Nikamwambia kidimbwi hubadilishwa maji. Bwawa hili maji hayana pa kutokea, jua kali, mvua hakuna — mbolea inabaki humo humo, mwani, huo ukijani wenyewe, unaila na kuzidi tu.
"Madam, hapa si class," akanijibu.
Nafundisha bayolojia. Ninyamaze?

Jumamosi, 1 Februari
Utando mzito kama rangi ya geti. Upepo umeusukuma upande wanaonywea ng'ombe. Ndama wawili wa mama wamekufa! Walikunywa asubuhi, mchana wakaanguka. Daktari wa mifugo anashuku sumu ya huo mwani.
Kamati imekaa. Imeamua — uzio! Si kwa ajili ya ng'ombe, la. Wasisumbue samaki! Nimefoka mpaka Moses akaniambia nirudi shuleni Noonkopir nikafundishe watoto. Na ndama ni wa mama yake mzazi!

Jumapili, 2 Februari
Pasta ameombea mradi wa samaki. Sikusema amina.

Jumapili, 9 Februari
Samaki wote wameelea, matumbo juu. Mwani ulianza kufa, ukaoza, ukamaliza hewa majini. Obura ameketi ukingoni, kofia mkononi. Nilikuja kumtukana. Nimeshindwa, na hilo linaniudhi zaidi.
Kisha mama, yeyo kama tunavyomwita, akatokea na panga, ng'ombe wote nyuma yake. Hawajanywa tangu juzi, na lori la maji linalowanywesha tangu uzio uwekwe halijafika.
"Yeyo, usikate! Sumu bado imo majini!"
"Si ni wewe ulisema wametunyima maji?"
Akakata waya.
Mimi niliyelaani huu uzio wiki nzima, nimesimama kwenye pengo lake, mikono nimeitandaza, nawafukuza ng'ombe wa mama yangu.
Naandika haya kwenye simu, kwa mkono mmoja, hapa hapa pengoni. Moses hapokei. Mama amekaa chini, panga mapajani. Ng'ombe wanalia. Yule mweusi anasogea tena.