Mama Rosebella Aloo na Mrehani Wake wa Limau

Mwaka mzima umeisha leo, Mama, tangu utuachie nyumba hii ya Langas na ugomvi wako. Watu husema marehemu hasemwi vibaya. Wewe mwenyewe uliwasema marehemu, tena kwa majina, kwa hivyo vumilia.

Ulikuja Eldoret na mbegu za mrehani wa limau umezifunga kwa leso. Baridi ya huku iliua miche mara mbili. Ukauhamishia kwa debe, dirishani mwa jikoni, ukaulinda kama soja wa geti. Na samaki wako, jamani! Uliepua sufuria kwanza, ndipo ukachanachana majani juu, ukafunika. Mwanao Cyril alilamba hadi sahani.

Lakini Naomi, mke wake, binti wa wafugaji wa Cheptiret, ulimnyima hata jani. "Mikono yako imezoea maziwa tu," ulimwambia mbele ya wageni. Siku alipokuibia majani matatu akapika, ulionja mchuzi ukatema. "Umeyachemsha. Umeyaua." Maua uliyakata yote, asije akapata mbegu. Miaka tisa! Naomi hajakusamehe, na ametuomba tuandike hivyo hivyo.

Halafu ile wiki yako ya mwisho. Kutembea kulikuwa kumekushinda, lakini ulijikokota hadi dirishani, ukaung'oa mrehani wote, ukamtupia ng'ombe wa Naomi. "Nikienda, naenda nao." Maziwa ya jioni hiyo yalinukia limau. Cyril aliyanywa akilia.

Hukujua kwamba Naomi alikuwa ameshakuibia kitawi, akakitia kwa glasi ya maji nyuma ya kibuyu chake cha mursik, yale maziwa yake ya mgando. Kilikuwa na mizizi tayari. Cyril alikiona. Alichukua debe lako akaanza kulijaza mchanga.

Jumamosi saa nne ni ibada yako hapa nyumbani. Naomi atapika samaki, na majani yataingia sufuria ikishaepuliwa, vile ulimfundisha kwa matusi. Safari hii maua ameyaacha yakakomaa. Kila atakayekuja ataondoka na mbegu kwa bahasha, hata jirani Mideva uliyemfungia geti. Kasirika tu huko uliko.

Unakumbukwa na mwanao Cyril, wajukuu wako Bridgit na Kiplimo, dada yako Maximilla, na Naomi, ambaye mikono yake sasa inanukia limau.

Hatutakusahau, Mama. Hata tungetaka, hatungeweza.