Dumu la Mwisho la Maji ya Mvua

Melkiori, mugenzi wangu, rafiki yangu,

Gari halichemshi tena. Naanza na hilo kwa sababu najua hata huko uliko ungeuliza gari kwanza, ndipo uulize watu. Mshale wa joto unasimama katikati, kilima hadi kilima, hautikisiki. Rejeta ni nyingine, mipira ni mipya, kulanti, ile dawa ya maji ya rejeta, nimechagua mwenyewe kama ulivyonifundisha. Kazi yote imefanyika vizuri. Haikusaidia kitu.

Naandika nimekaa mlangoni mwa gari hapa Kibirizi, nasubiri boti za dagaa zirudi. Mama Zuhura bado ndiye mwenye gari, na mimi Sudi bado ni dereva wake, na bado ananiambia kila asubuhi kwamba naendesha kama nimebeba mayai. Sijui kuandika barua. Wewe nawe hukuwa msomaji, kwa hiyo tutavumiliana.

Tangu tukuzike mwishoni mwa masika mambo yameharibika polepole, kama bati linavyoshika kutu: leo huoni kitu, kesho huoni kitu, siku moja unanyeshewa ndani. Pale gerejini Mwanga waliligusa pipa lako la maji ya mvua kabla hata hatujazoea kukutaja kwa jina la marehemu. Bosi alisema linazaa mbu. Kweli lilizaa mbu, kwa sababu wewe tu ndiye uliyekuwa ukilifunika. Wakalimwaga, wakalikata katikati, nusu wanaoshea vyuma, nusu nyingine sijui ilikwenda wapi. Siku hizi mafundi wanabeba dumu, wanashuka ziwani, wanajaza rejeta za watu. Na mimi nilijaziwa hayohayo, kwa kuwa hapakuwa na mengine.

Unawajua na hoja zao. Maji ya Tanganyika ni maangavu, ukisimama ndani hadi kiunoni unaziona kucha za miguu. Tunayanywa, tunayapikia, tunayatilia udhu. Gari ni nani hata liyakatae? Mji mzima una kosa hilo moja, tena unalifanya kwa fahari. Ni wewe mgeni, uliyeshuka kwenye boti kutoka Burundi na mama yako na sanduku la spana, uliyetugeuzia birika. Nakumbuka siku hiyo. Ulilichukua birika la chai la Mama Zuhura, ukaliinamisha juani, ukapitisha ukucha ndani yake. Ukoko mweupe ukadondoka chini. Ukaniambia, "Mugenzi, hili birika utalisugua. Rejeta utaisugua na nini?" Mama Zuhura akanuna wiki nzima, akidhani umemwita mchafu.

Ndiyo maana ulikinga mvua. Na si mvua yoyote. Ya kwanza uliiacha ioshe bati, vumbi la kiangazi na mavi ya ndege vishuke. Ya pili ndiyo ukasogeza pipa. Sisi tulikucheka. Tulisema Mrundi huyu anayapikia wali magari ya watu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Ni mama yako.

Kiangazi kilipokolea, mwanamke anayechukua dagaa kwetu na kwenda kuwauza kwenye kambi ya wakimbizi anakoishi mama yako alileta ujumbe. Watu wanarudishwa Burundi, kundi kwa kundi, na zamu ya mama yako ilikuwa imekaribia. Alikuwa na ombi moja tu. Kabla hajavuka mpaka, aje kaburini kwako afanye kuganduka. Sikuhitaji kuelezwa. Ulishanisimulia kwamba kwenu msiba hauishi wenyewe. Unakaa na watu mpaka ndugu wakutane, wanywe pombe ya mtama pamoja, na mkubwa wao atamke kwamba sasa basi, watu warudi mashambani. Siku tulipokuzika hakuruhusiwa kutoka kambini. Mwanawe wa pekee amefukiwa na mafundi gereji na dereva mmoja Mwislamu, yeye yuko nyuma ya kizuizi anangoja habari. Safari hii alipewa kibali cha siku moja. Akapika pombe yake. Nami nikamjibu kwa kinywa cha yule mwanamke kwamba Jumanne asubuhi nitakuwa getini.

Jumatatu gari likachemsha katikati ya soko la Mwanga.

Mvuke ulitoka mpaka wauza nyanya wakakimbia. Nilipofunua boneti maji yalikuwa yanachuruzika chini ya rejeta, na kila mpita njia alikuwa fundi. Mmoja akasema weka manjano, mwingine yai bichi, mwingine akaniletea kipande cha sabuni ya mche. Nilikusikia kabisa ukisema lile neno lako, kwamba gari haliumwi tumbo. Nikawakatalia wote. Tukalisukuma hadi gerejini, wakaitoa rejeta, wakaziba kwa risasi. Wakiziba huku, inafumuka kule. Ndani vibomba vilikuwa vimejaa ule ukoko mweupe, ukipuliza hewa haitoki upande wa pili. Ilikuwa imekufa kitambo, sisi ndio hatukuambiwa.

Usidhani sikuhangaika. Malori yote yenye nguvu yalikuwa yamekodiwa kubeba watu wa kambini. Basi linakwenda siku hii linarudi kesho yake, na kibali cha mama yako kilikuwa cha siku moja. Ningempata lakini nisingeweza kumrudisha kwa wakati, wangemfungia. Nikamwomba dereva wa basi afikishe ujumbe kwamba gari limeharibika. Akasema sawa. Watu husema sawa.

Mwenye duka la spea alikuwa na rejeta ya mtumba njiani, inakuja na treni. Ikashuka Jumanne jioni. Jumatano nikaifunga mwenyewe, kwa sababu sikutaka mikono ya wale waliolimwaga pipa lako. Nikafungua koki ya chini, kilichobaki kikatoka na rangi ya chai. Nikalegeza klampu, nikavuta mpira wa juu na wa chini, nikatoa kinga ya feni, nikafungua nati, nikainyanyua. Nikazilaza zote mbili juu ya gunia, ya zamani na mpya, nikazilinganisha kama ulivyokuwa ukifanya: urefu, midomo ya kuingizia mipira, masikio ya kufungia. Mpya nikaijaza maji kwanza, nikaisimamisha juani kuona kama inalia tone lolote. Haikulia. Kisha nikaisukutua injini, nikarudia na kurudia, mpaka kilichotoka kikawa cheupe.

Dukani kulikuwa na kulanti ya kijani na nyekundu. Muuzaji ni yuleyule, unamjua, bado ana ulimi. Akaniambia chukua nyekundu, isipotosha iongezee kijani, zote baba yao mmoja. Nikaikumbuka ile Isuzu ya mkaa uliyoifungua mwaka jana, mchanganyiko wake umeganda ndani kama uji wa muhogo, nawe unauchota kwa kijiko na kuuliza nani atakunywa. Nikawakumbuka pia waliokuuliza dawa ya barafu ya nini, Kigoma theluji imenyesha lini. Ukawajibu kwamba kutu haingoji theluji, na kwamba maji yenye dawa yanavumilia moto kuliko maji matupu. "Rangi ni nguo tu," ulikuwa ukisema. "Soma mgongoni." Nikasoma mgongoni. Ya kijani ilikuwa na jina na picha ya simba, basi. Nyekundu ilitaja magari ya aina yetu, na kwamba ichanganywe nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi. Nikachukua nyekundu, peke yake.

Maji yasiyo na chumvi, kiangazi, Kigoma. Ya betri yalikuwa yameisha dukani. Nilikaa kwenye kizingiti cha duka nikiwa na dumu la kulanti mapajani, nikakosa pa kwenda.

Ndipo nikamkumbuka mama mwenye nyumba wako. Nikamkuta anapepeta maharage. Hata kabla sijamaliza swali akainuka, akaingia kwenye chumba chako, ambamo sasa analala mpangaji mwingine, akatoka na dumu la njano lililozibwa kwa gunzi la mahindi na kufungwa mpira wa baiskeli juu yake. Ulilikinga ile mvua ya mwisho, siku chache kabla ya homa. Alisema hakulimwaga kwa sababu aliona umelifunga kwa heshima. Nikavuta gunzi, nikanusa, nikitegemea yameoza. Hayakunuka kitu. Hapo nililia, Melkiori, mtu mzima na ndevu zangu, naye akanisogezea kigoda, akaendelea na maharage yake.

Nikachanganya kwenye ndoo safi. Nikamimina polepole, buhorobuhoro, kama ulivyokuwa ukinikemea, hewa itoke. Nikawasha injini mfuniko ukiwa wazi, nikangoja mapovu yaishe, nikaongeza, nikafunga. Nikazunguka nalo hadi Ujiji na kurudi. Hakuna tone. Mama Zuhura, ambaye siku zote anasema gari lake si la matanga, alikuja akaliangalia, akaniambia niende na nisirudi bila yule mama.

Alhamisi alfajiri niliondoka, nikitumaini wangempa kibali kingine. Sijawahi kuendesha vizuri kama siku ile. Baada ya Kidahwe barabara inapanda, unazijua zile kona, na mawe, na vumbi. Pale ambapo siku zote tulisimama tukafungua boneti na kupepea kwa kofia, nilipita. Mshale haukusogea. Nikawa nakusemesha kwa sauti, nakuambia angalia, angalia. Nilifurahi. Nakwambia ukweli, nilifurahi njia nzima, na hiyo furaha ndiyo inayoniuma sasa kuliko yote.

Getini askari alikuwa hana habari. Akamwita mwanamke mmoja, jirani yake mama yako, Konsolata, mwenye mtoto mgongoni. Aliponiona na gari langu alishika kinywa.

"Baramutwaye," akasema. "Wamemchukua jana asubuhi, na malori."

Akanieleza mengine akiwa ameangalia chini. Ujumbe wa basi haukufika. Jumanne mama yako alivaa kitenge chake kizuri tangu kabla ya jua, akaja kukaa karibu na kizuizi, chungu cha pombe mbele yake, kibali mkononi. Kila gari likitimua vumbi anasimama. Wakamwambia ingia kivulini, akakataa, asije akapitwa. Alikaa mpaka jua likazama na kibali kikafa mkononi mwake. Konsolata ndiye aliyembebea chungu kurudi. Jumatano majina yakasomwa, na lake lilikuwemo.

Nikauliza kama alinilaumu. Nilitaka anilaumu.

"Hapana," Konsolata akasema. "Alisema wewe si mwongo, basi ni gari. Alisema mwanawe angekuwa hai, gari lingefika."

Ni kweli tupu. Ungekuwa hai, pipa lingekuwa na kifuniko, rejeta ingekuwa nzima, na Jumanne ningefika. Lakini ungekuwa hai, mama yako asingekuwa na safari yoyote ya kaburini. Nimelizungusha hilo kichwani tangu siku ile, na kila nikilizungusha narudi palepale.

Alikuwa ameniachia chungu. Ujumbe wake ulikuwa kwamba nikupelekee. Kwa hiyo nilirudi Kigoma na kiti kitupu pembeni yangu na chungu cha pombe sakafuni, nimekibana kwa gunia kisimwagike, mimi ambaye pombe sijaigusa tangu nizaliwe. Harufu ilijaa gari zima. Mama Zuhura aliisikia, akaelewa. Alilia mlangoni kwake.

Nikaja kwako. Msalaba bado umesimama, na jina lako waliloliandika vijana wa gereji kwa rangi ya kupulizia magari linang'aa kuliko majina ya majirani zako wote. Nikamwaga pombe taratibu hadi chungu kikaisha. Nilikuwa nimejifunza lile neno la mwisho kutoka kwa Konsolata, neno la kuwaachia watu warudi makazini. Nikafungua kinywa, nikashindwa. Si langu, Melkiori. Ni la mkubwa wako, na mkubwa wako yuko upande mwingine wa mpaka, hajui kama pombe yake ilifika. Sitegemei kumwona tena. Sitegemei hata kupata mtu wa kumwambia. Kwa hiyo ujue hivyo: msiba wako haujaondolewa. Upo, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki upande huu, ninaukaa mimi.

Boti ya kwanza naiona, inabidi nikaupokee mzigo. Maji yako bado yanazunguka ndani ya gari hili. Sijafungua mfuniko tangu siku ile, na sifungui bila sababu. Najua hayatadumu milele. Hata kulanti ina mwisho wake, ulinifundisha hivyo pia. Kwa hiyo nimenunua pipa, nimeliweka kwangu, Ujiji, chini ya ukingo wa bati, na nimelifunika.

Kwaheri, fundi. Nakuahidi hili moja, kwa kuwa ndilo pekee ninaloliweza. Mvua ya kwanza nitaiacha ioshe bati. Ya pili nitakinga.

Sudi