Hati za Mshahara Zilizokosa Barua ya Sheha

Jumatano, alasiri. Manyunyu yameifunika Mkunazini tangu asubuhi, nami nimeketi ofisini na moyo mkunjufu, jambo ambalo jana nisingethubutu kuliandika.

Mimi ni karani wa hoteli iliyoko Uroa, ingawa meza yangu iko hapa mjini Unguja. Kabla ya hapo nilikuwa nikiwaandikia watu maombi ya viwanja, ya leseni na ya uhamisho. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kunakili barua za ofisi zilizoandikwa vyema. Sijapata kurudishiwa barua kwa sababu ya lugha.

Mwezi huu tumeanza kutumia programu mpya ya mishahara, ambayo humpelekea kila mfanyakazi hati yake kwa barua pepe. Hati zilifika zikiwa na jina langu chini na utepe mwekundu juu: ujumbe huu unaweza kuwa wa ulaghai, usifungue kiambatisho.

Ulaghai, juu ya jina langu.

Naungama kosa. Badala ya kuuliza sababu, niliandika waraka wa kurasa mbili, kwa heshima na taadhima, nikiwasihi wafanyakazi walipuuze onyo hilo na kufungua kiambatisho bila ya kukawia. Niliuona waraka mzuri. Wengi wakatii.

Bi Salama, msimamizi wa usafi wa vyumba, hakutii. Jana alinipigia simu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akauliza kama kweli ni mimi niliyeandika.

"Naam, ni mimi, Bi Salama."

"Mwizi naye angeandika hivyo hivyo, fungua upesi. Mie sifungui, mwanangu. Simu hii ndiyo yenye picha zote za marehemu mume wangu. Lakini slipu nnaitaka, fomu za Asha mwisho kesho saa tisa."

Asha ni bintiye. Anaomba mkopo wa chuo kikuu, na fomu inadai hati ya mshahara ya mzazi. Kuichapisha mwenyewe sikuweza: programu huifunga kila hati ifunguliwe na mwenye hati tu, na mkurugenzi alitaka iwe hivyo.

Nikawaandikia waliotengeneza programu, safari hii nikiuliza sababu. Walijibu kwa mistari mitatu. Hati zetu hubeba jina la hoteli, lakini hupelekwa na mashine zao. Na katika orodha ya wanaoruhusiwa kupeleka barua kwa jina la hoteli, wao hawamo. Tuwaongeze, na mstari wa kuongeza wakauweka chini ya jibu.

Nilisoma mara moja nikaelewa. Mtu akifika dirishani na ombi bila ya barua ya sheha, kiongozi wa mtaa wake, ya kumtambulisha, hurudishwa, hata ombi lenyewe liwe limeandikwa na mimi. Mara ngapi nimewaambia watu hivyo? Mashine iliyoweka utepe haikunitukana. Ilifanya kazi ya karani mwangalifu.

Leo asubuhi nilimwomba mkurugenzi nywila ya mahali inapohifadhiwa orodha hiyo. Nikaongeza mstari niliopewa, herufi kwa herufi, kazi ambayo mkono wangu unaijua. Nilisubiri kwa muda wa saa mbili ili badiliko lishike, nikajipelekea hati ya majaribio. Ilifika bila ya utepe. Hapo ndipo nilipompelekea Bi Salama ya kwake.

Saa saba aliniandikia: "Imefika, haina wekundu. Asha keshaituma, wameipokea. Ile barua yako ya kurasa mbili bado sijaimaliza."

Nimecheka peke yangu, lakini si kwa muda mrefu.

Kwani wale wengine walinitii. Niliwafundisha watu waaminifu kufungua kitu kilichoandikwa usifungue, na niliwafundisha kwa lugha fasaha. Siku mwizi wa kweli atakapowaandikia, atakuta nimeshamtengenezea njia.

Kwa hiyo nimetoa waraka mwingine: "Nilikosea kuwaambia mpuuze onyo. Mkiliona tena, msifungue. Nipigieni kwanza."

Nimeusoma mara tatu nikitafuta pa kuongeza taadhima. Sikupaona, nikaupeleka kama ulivyo.