Wembe Uliouacha

Mwanangu Bahrom,

Huku Kulob tu wazima. Ng'ombe amezaa dume.

Binti yako Mehrona amenyoa nyusi. Tangu akiwa mchanga nampaka maji ya majani ya usma ili ziote nene na nyeusi, lakini shuleni kwao fasheni sasa ni nyusi nyembamba. Alichukua wembe uliouacha, mkono ukateleza, zikaenda zote. Siku tatu hakutoka nje.

"Bibi, wataniita yai!"

Sikumgombeza. Nilichukua wembe uleule nikanyoa zangu.

"Haya, yai mwenzangu, twende shule."

Alicheka mpaka akalia. Tukaenda.

Alitaka kukupigia, akaogopa utamcheka. Ijumaa ukitupigia kwa video, jikaze. Mwache yeye aanze kucheka.

Mama yako,
Savri