Baba, Hozi Ile Niliifunga Mimi

Mpendwa baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ni miezi saba tangu tukuzike, lakini siwezi kukueleza haya bila kukuamkia kwanza. Nimekaa kwenye benchi lako hapa gereji Kilole, mchana wa Ijumaa, na tangu wiki iliyopita mwili wangu haujanirudia. Nati moja naikaza mara tatu. Mimi huyu, uliyekuwa ukinitania kwamba nina mkono mgumu kuliko jeki.

Unamkumbuka Kaka Salehe, yule mfanyabiashara wa maharage wa Handeni? Mwaka jana kabla ya masika alileta gari lake tuliinue, liwe refu kutoka chini. Alikuwa amechoka kugonga mawe kila akipanda mlima wa Dindira. Akaja na springi ndefu na shokapu mpya alizoagiza mwenyewe, akatuachia ufunguo, akaenda sokoni. Siku hiyo mguu wako ulikuwa umevimba. Ulikaa hapa hapa, mguu juu ya debe, ukanikabidhi kazi yote. Nilijiona mkubwa ajabu.

Shokapu zile hazikuwa na kishikizo cha hozi ya breki, ule mpira mwembamba unaopeleka mafuta ya breki kwenye gurudumu. Upande wa kulia nilitengeneza kishikizo cha bati, kikakaa vizuri mpaka ukasema, "Hapo sasa." Nilipofika upande wa kushoto muda ulikuwa umekwenda. Ndiyo siku ile rafiki yangu Zuhura alikuwa anapakwa hina ya harusi kule Mombo, na mimi ndiye mpambe wake. Simu inaita kila dakika, mikono imejaa grisi. Nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli, maana huku kwetu ndiyo tunayofungia kila kitu kuanzia kuni hadi kuku, nikaifunga hozi kwenye shokapu. Nikajisemea nitaweka kishikizo cha maana siku nyingine gari likirudi.

"Umeshazungusha usukani?" ukauliza.

Hukuwa unaruhusu gari lishuke kwenye jeki kabla gurudumu halijaning'inia na usukani kuzungushwa mpaka mwisho, kulia na kushoto, huku mtu ameishika hozi kuona kama inavutika au inagusa tairi. Ulinifanyisha hivyo tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, nami nilinung'unika kila mara.

"Nimezungusha, baba."

"Na hozi?"

"Nimeiangalia."

Sikuzungusha, baba. Sikuangalia chochote. Ulinitazama kidogo, kisha ukasema, "Haya, nawa mikono uende kwa mwenzio." Kaka Salehe aliporudi kutoka sokoni, wewe ndiye uliyempa ufunguo. Mimi nilikuwa nimeshadandia gari la Mombo.

Wiki iliyopita gari lile lilirudi hapa likiwa juu ya lori. Kaka Salehe alikuwa anashuka Dindira na mkewe na watoto wao wawili, pedali ya breki ikazama mpaka chini. Akakanyaga tena, ikazama tena. Akaingiza gia namba moja, akavuta breki ya mkono, akalisugua gari kwenye ukingo wa mlima mpaka likasimama. Upande wa pili, alisema, ilikuwa ni mashamba ya chai, halafu hewa tupu. Mkewe, Mama Rehema, alifika hapa bado amembana mtoto mdogo kifuani, mtoto analia kwa kubanwa.

Nikafungua gurudumu la kushoto. Kipande cha tyubu kilikuwa kimekauka na kukatika. Hozi ikabaki inaelea, na kila kona kali tairi limekuwa likiilamba mpaka mpira ukaisha, nyuzi za ndani zikatokeza, mwisho ikapasuka. Fundo langu lilikuwa bado lipo pale kwenye shokapu, limejaa tope.

Kaka Salehe akachuchumaa pembeni yangu. "Kumbe tyubu!" Akashusha sauti, kwa heshima kabisa. "Mzee wetu macho yalishachoka. Mungu amsamehe tu."

Nami nikaitikia, "Amina."

Baba, amina! Neno lilitoka lenyewe, nikalisikia kama limesemwa na mtu mwingine, nikageuka nimwone. Kulikuwa na nafasi ya kulirudisha. Kulikuwa na saa nzima. Nilifunga hozi mpya, vishikizo vya chuma pande zote mbili, nikazungusha usukani mpaka mabega yakauma, na muda wote huo mdomo wangu umefungwa. Wakanishukuru, wakaenda zao Handeni.

Jumanne akaja dereva mmoja nisiyemjua. Hata salamu hakuimaliza. "Dada, nikagulie breki. Nasikia marehemu mzee alikuwa anazifunga kwa tyubu." Nikamuuliza kasikia wapi. Sokoni Handeni, akasema, ndiyo habari ya mjini. Umeinamia magari ya watu maisha yako yote, mgongo ukapinda, na mimi kwa siku chache tu nimekufanya fundi mzembe. Na huna namna ya kujitetea.

Jana nikapanda basi. Nilimkuta Kaka Salehe dukani kwake, Mama Rehema anapima maharage, wateja wamesimama. Nilitamani kumvuta pembeni. Lakini wewe hukusemwa pembeni, kwa hiyo nikasema pale pale: "Hozi ile niliifunga mimi. Baba aliniuliza kama nimeiangalia, nikamdanganya."

Mama Rehema akaacha kupima. Kaka Salehe alinitazama mpaka nikainamisha kichwa.

"Na hii mpya, nani kaifunga?"

"Mimi, kaka."

Hakufoka, na heri angefoka. Alinipeleka duka kwa duka, kila alikokuwa amesimulia, akasimama pembeni nikarudia maneno yale yale. Duka la tatu nikataka kuyafupisha. Akasubiri nimalize.

Tuliporudi kwake, Mama Rehema ndiye aliyesema. "Jumamosi tunapanda Dindira, mama yangu kule anaumwa. Gari ni lile lile. Na wewe utakuwemo, kupanda na kushuka."

Nilimtazama nione kama anatania. Hakuwa anatania. Nikakubali kabla sijapata muda wa kuogopa, na sasa naogopa kweli kweli. Tangu jana narudia kichwani kila nati niliyoikaza, na najua nimeikaza, na bado naogopa. Sikuwahi kujua kwamba watu wanaotuachia ufunguo wanapanda magari yao na moyo wa namna hii. Au wewe ulijua, baba, ndiyo maana ulikuwa unauliza?

Nisamehe. Lala salama, Handeni wameshajua kazi ile ilikuwa ya nani. Kesho saa moja asubuhi wananipitia hapa gereji. Mama Rehema amesema mtoto mdogo nitampakata mimi.

Binti yako,
Mwanaidi