Mabati Thelathini na Nne

Jumapili, 20 Oktoba 1974

Mvua ya kwanza. Paa limevuja mahali patano — hata juu ya cherehani! Nyasi zimeoza, ukizishika zinabaki mkononi. Nimemwambia mume wangu mwaka huu tunaezeka bati, basi. Abbasi kasema haya.

Nimekaa na kalamu. Bati 36 kwa shilingi 31 ni 1,116. Misumari 45. Miti 60. Fundi Ambindwile 150. Jumla 1,371. Tunazo 1,120, za kahawa na za ushonaji wangu wa miaka miwili. Pungufu 251. Nimerudia mara tatu. Ni 251 tu.

Jumanne, 22 Oktoba

Watu wawili wa wilaya wamepita na kamba na vigingi. Kimoja wamekipigilia mbele ya mlango wetu, hatua nne hivi. Nimewauliza cha nini. Mmoja kasema ni mstari wa kijiji. Mwenzake kasema ni barabara. Kisha wakabishana wao wenyewe!

Abbasi sasa anasema tungoje. Tungoje nini? Hajui.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mkutano wa kijiji baada ya swala. Nilibaki nashona sare za shule. Abbasi kaenda. Karudi anasema habari ni njema, wa huku Masoko hatuhamishwi, wanaohamishwa ni wa bondeni. Kwa hiyo tuezeke? Kasema tuezeke. Na kigingi je? Eti hakuna aliyekitaja.

Kwa nini basi hajala?

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimeuza cherehani. Kwa Elina wa Kisiba, shilingi 300. Kaondoka nayo kichwani, nikaingia ndani nisimwone akipinda kona. Nitanunua nyingine kahawa ikilipwa. Nadhani.

Jumanne, 29 Oktoba

Tukuyu. Bati si 31 tena. Ni 34! Muuza duka kasema vita vya Waarabu na mafuta. Mafuta na bati wapi na wapi? Nikapiga hesabu pale pale kauntani, watu nyuma yangu wanaguna. Nimechukua 34 badala ya 36, kibaraza kitabaki na nyasi. Zimebaki shilingi 9. Halafu nikakumbuka — nauli ya lori! Sikuiandika popote. Abbasi kamwomba dereva wa lori la majani ya chai, kakubali kwa shilingi 9 na mkungu wa ndizi.

Alhamisi, 31 Oktoba

Ambindwile kaja alfajiri na ngazi yake. Kavua kofia, kaangalia nyumba, kanisalimu kwa Kinyakyusa, ndaga mama, kasema mianzi bado ina nguvu, nyumba hii itatuzika sote. Nyasi zote zimeshuka leo. Tumelala tunaona nyota. Nilicheka peke yangu. Abbasi hakucheka.

Jumapili, 3 Novemba

Imekwisha! Inang'aa hadi macho yanauma. Majirani wamekuja, Wakristo wametoka kanisani wakapitia hapa moja kwa moja. Mvua imenyesha saa nane, kelele mpaka hatusikizani. Hakuna tone. Nimezunguka vyumba vyote vitatu na sufuria mkononi, sikupata pa kuiweka.

Jumatatu, 4 Novemba

Sielewi. Naandika ili nielewe.

Asubuhi kaja Ezron, balozi wetu wa nyumba kumi, na watu wanne. Wamebeba meza ndefu, mizani, na magunia mawili ya chumvi. Kanisalimu vizuri. Kasema hongera shemeji, sasa duka la kijiji limepata paa.

Duka gani?

Hili. Kigingi ndicho katikati ya kijiji, na nyumba iliyo kwenye kigingi ndiyo duka. Ilikubaliwa mkutanoni. Walikuwa wanangoja tu paa, maana chumvi haikai chini ya nyasi. Mimi nitakuwa muuzaji, kwa sababu najua hesabu. Sisi tutapewa kiwanja nyuma. Nyasi ziko tele, kasema.

Nikamgeukia Abbasi. Anaangalia viatu vyake.

"Ulikubali?"

"Kila mtu aliinua mkono, Mwantum. Nami nikainua."

"Uliinulia nini?"

"Nilidhani ni kwa ajili ya kujenga kibanda cha mbuzi cha kijiji. Baadaye nikashuku. Nikasema labda nimesikia vibaya."

Na akaniacha niuze cherehani! Nimetaka kupiga kelele. Nimetaka pia kumhurumia, uso wake ulikuwa kama wa mtoto aliyevunja chungu. Ezron si mtu mbaya, alimzika mama yangu kwa mikono yake. Na duka tunalihitaji, sisi sote tunatembea hadi Tukuyu kwa chumvi. Ningekuwa mkutanoni, nyumba ikiwa ya mwingine, ningeinua mkono. Ningeinua! Hapo ndipo ninapochanganyikiwa.

Nimewaambia wangoje, naenda kuvaa. Niko chumbani. Meza imeshaingia, nasikia inakwaruza sakafu. Ezron anauliza chumba kipi kina kufuli, waweke magunia. Abbasi anasema hiki. Wanauliza ufunguo. Anasema hajui, muulizeni mwenyewe.

Ezron anabisha hodi. Shemeji, ufunguo uko wapi?

Nimesema sijui.

Umefungwa kwenye pindo la khanga yangu. Anabisha tena, taratibu tu —