Mlango wa Mama Ulioufunika kwa Mbao

Kaka yangu Hamisi,

Tangu nijue kusema nimekuamkia shikamoo, hata kwa simu, hata ulipokuwa ukiipokea huku unatafuna. Leo sikuamkii. Wewe ni mkubwa wangu, na watu watasema Mwanasiti hana adabu. Waache waseme. Adabu niliyofunzwa na mama niliimaliza kwa wageni wako.

Siku ya khitma uliniletea sauti yako kwenye simu, kutoka huko Doha, ukiuliza jambo moja tu: "Mama aliniachia radhi?" Ulikuwa unalia. Niliirudia ile sauti mara nyingi, wala si kwa huruma. Ilinipendeza kukusikia ukilia. Sikukujibu siku ile, nakujibu kwa barua hii, na nimeiacha wazi ili kila mtu wa Msambweni aliyekuja kwetu kuusifu ukuta wako aisome pamoja nawe. Jibu lako limo humu. Usilikimbilie. Kaa usome taratibu, mama alikaa zaidi ya hapo.

Unakumbuka kupaka chokaa? Kila Shaabani baba alikuwa akirowesha chokaa kwenye pipa pale uani, mimi na wewe tukipewa brashi za katani na nguo mbovu. Ukuta wa matumbawe hutoa chumvi, unaukwangua, unaupaka, na mwakani unaanza upya. Kwetu hiyo haikuwa kasoro, ilikuwa ndiyo kuishi karibu na bahari. Mwaka mmoja nilichupia lile pipa kama mwehu, chokaa ikanirukia mguuni, nikaungua. Ulinibeba mgongoni mpaka jikoni, ukanipaka mafuta ya nazi, na mama alipokuja ukamwambia ni wewe uliyemwaga. Ukachapwa wewe. Hukunitazama hata mara moja wakati unachapwa, usije ukanifanya niseme kweli.

Nakukumbusha hayo kwa makusudi. Ulikuwa mtoto mwema. Mtu aliyezaliwa mbaya humwambii kitu kikamwuma, lakini wewe najua pa kukushika.

Kisha ukaenda Diani kuhudumia watalii, na huko ndiko ulikozipenda mbao. Ulirudi jioni moja na picha kwenye simu, ukamwonyesha kila mtu: ukuta mweupe wa mbao nyembamba zilizolazwa, moja inashika nyingine kutoka chini mpaka darini, hakuna chumvi, hakuna ufa. Baba alitazama akasema, "Hilo ni jahazi lililopinduliwa." Tulicheka sote, nawe ukacheka, lakini ulinuna moyoni. Nilikuona.

Baba alipofariki ulikuwa umeshahamia Doha, ukapata likizo ukaja. Nilidhani umekuja kumlilia. Matanga hayajaanuliwa vizuri, lori likasimama mlangoni na mbao za saiprasi kutoka Ukunda. Ukasema nyumba kubwa imekaa bure, tuitengeneze tuwape wageni chumba cha baba na sebule, nayo itulishe. Sikatai, nyumba inaweza kumlisha mtu. Lakini mama alikuwa amekaa eda, kaka. Hata watoto wa chuoni wanajua mjane wa eda hatoki nyumbani kwake wala hakai mbele ya wanaume wasio maharimu zake. Nilikwambia subiri eda ishe. Ukanijibu, "Likizo yangu itaisha kabla ya eda yake."

Basi ukawaingiza mafundi. Fundi Rama wa Kikoneni mwenyewe alisitasita pale kizingitini na sanduku lake la vyombo, akakuuliza mara mbili kama kuna mjane ndani. Ukamwambia mama yuko jikoni, hana neno. Na kweli alikuwa jikoni. Mama alikaa eda ya mumewe jikoni, kwenye mbuzi ya kukunia nazi, leso imemfunika mpaka machoni, moshi wa kuni upande huu na harufu ya rangi upande ule. Majirani waliochungulia walidhani machozi yale ni ya baba. Mimi niliyekuwa nikimfuta nilijua mengine ni ya rangi yako.

Nikubali hata kazi yenyewe mlihangaika nayo. Matumbawe hayashiki msumari, yanamomonyoka. Fundi Rama akatoboa ukuta, akapigilia kabari za mti, ndipo akazifunga fremu juu yake. Wewe ulishika pimamaji ukimwita kila dakika, "Fundi, hapa pameinama." Hukuwahi kuishika hata chupa ya dawa ya mama kwa uangalifu ule.

Kisha mkaufikia mlango wake.

Chumba cha mama kilifungukia sebuleni, miaka yote ya uhai wetu. Ule ndio mlango tuliokuwa tukiukimbilia tukiota vibaya. Ukasimama mbele yake umejishika kiuno, ukasema mlango unaukatiza ukuta, ukuta ungependeza ukienda mmoja. Mlango mzito wa baba ukang'olewa bawabani, nafasi ikapigwa mbao huku na huku, rangi ikapita juu, basi. Mama akatobolewa kijimlango cha nyuma, kwenye kijinjia kati ya jiko na choo, cha kupita ubavu. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Naona wewe ulisikia hapo tu ukaondoka.

Siku ulipomaliza ulimwita mama aje aone. Alizunguka kwa nyuma, akapita jikoni, akatokea uani, akaingia kwa mlango wa mbele kama mgeni. Akauweka mkono pale mlango wake ulipokuwa. Akasema, "Maashallah. Pamependeza, mwanangu." Ulifurahi. Wewe mtu mzima, baba wa watoto, hukujua kwamba mama hajawahi kukwambia chochote kibaya maishani mwake, na kwamba neno lake la sifa kwako halikuwa na maana yoyote. Angekwambia pamependeza hata ungechoma moto.

Ukarudi Doha. Wageni wakaja. Nikawapikia mahamri na mbaazi, nikawatandikia kitanda cha baba, nikatabasamu. Lakini mbao tupu si mlango, sauti inapita. Mgeni mmoja akaandika kwenye mtandao kwamba nyumba ni nzuri sana, ukuta ni mzuri sana, ila kuna mzee anakohoa na kusoma nyuma ya ukuta alfajiri. Ulimjibu pale pale, watu wote waone, kwamba ni jirani. Kisha ukapiga simu, ukataka kuzungumza na mama mwenyewe. Nilikuwa nimemshikia simu sikioni. Ulisema, "Mama, punguza sauti kidogo. Wageni wanahitaji utulivu."

Mama akasema, "Inshallah, mwanangu." Kuanzia siku ile Kurani yake akaisoma kwa midomo tu. Kikohozi akakizika kwenye leso, anaikunja mara nne, anaibana mdomoni, mishipa ya shingo inamtoka. Nikimwambia kohoa mama, nyumba ni yako, ananiwekea kidole mdomoni. Mwanamke aliyekuwa akituita kutoka barazani tukamsikia ufukweni alikufa hana sauti. Ugonjwa haukuwa wa koo.

Alifariki Alhamisi baada ya alasiri, mikononi mwangu. Nilipiga ukelele, wala sikuwakumbuka wageni wako. Wakatoka mbio, mume na mke kutoka Nairobi. Yule mke akajifunika taulo kichwani alipoona wanawake wanaingia, akasimama ukutani analia. Mume akaniambia, "Dada, pole sana. Hatukujua kuna mtu huku. Tuliambiwa ni jirani." Ulimfanya mama yako jirani wa nyumba yake mwenyewe.

Tulimwosha, tukamkafini. Wanaume wakaleta jeneza, na jeneza halikuingia. Walijaribu kwa kijimlango chako, likakwama kwenye kona ya choo. Wakaligeuza, wakaliinamisha, wakalirudisha. Mtu mmoja akasema labda tumbebe mkononi mpaka uani, apitie jikoni. Mama mdogo Fatuma, unamjua mdogo wake mama asivyosema sana, akasimama mlangoni na mikono yake ingali na harufu ya karafuu maiti. Akasema, "Mwenye nyumba hatokei jikoni. Dada yangu aliingia humu bibi harusi kwa mlango wa mbele."

Hapo ndipo ulipopiga simu. Nikaiweka simu kwenye spika ili usikie dua, nikidhani ni mwana amefiwa. Nikakwambia tunabandua mbao. Ukasema, na kila mtu pale barazani akasikia, shehe akasikia, baba mkwe wako akasikia: "Bandueni polepole, zisipasuke."

Hakuna aliyekutukana. Afadhali wangekutukana. Waliinamisha macho tu, wakaona haya kwa niaba yako, na Fundi Rama, aliyekuja mazikoni, akauinua mtaimbo akaanza kuzing'oa mbao alizozipigilia mwenyewe, bila upole wowote. Anayemshikia upande wa pili alikuwa yule mgeni wa Nairobi, mtu wa bara, asiyejua hata jina la mama. Mama akatoka kwa mlango wake, akapita sebuleni kwake, akatoka mbele. Wewe hukumbeba. Mgeni wako alisogeza viti ili apite.

Sasa nikwambie zilipo mbao zako, kwa sababu nasikia umemwuliza Fundi Rama. Viunza havikuwa tayari, zile mbao anazofunikiwa maiti ndani ya kaburi kabla ya mchanga, na maiti haingojeshwi. Wakachukua zilizokuwa karibu. Mimi mwanamke sikufika makaburini, lakini fundi alinieleza: alizikata pale pale kwa msumeno, upande wenye rangi akaugeuzia mchanga, upande mtupu ukamwelekea mama. Alisema zilikaa vizuri kwa kuwa zinashikana. Mara hii hukuwapo kushika pimamaji.

Nyuma ya zilizobaki ukuta umeota ukungu mweusi kama sufuria iliyoungua, na mchwa wamepanda kwenye fremu zako mpaka kiunoni. Chumvi haikuacha kutoka kwa sababu hukutaka kuiona. Nimewakatalia wageni wote. Wanawake wa mtaani huja jioni, wanapita pale penye mbao zilizovunjika, wanaingia chumbani kwa mama moja kwa moja kama zamani, na tunazungumza kwa sauti kubwa mpaka tunachoka. Nakuchukia, kaka. Nalisema waziwazi kwa kuwa wewe na mama mlikuwa mabingwa wa kutosema. Nikiamka nakuchukia, nikioga nakuchukia, na mara nyingine katikati ya kukuchukia nakumbuka ulivyochapwa kwa ajili yangu, na hapo nakuchukia zaidi, kwa sababu nakulilia na wewe, na machozi yangu nilikuwa nimemwekea mama.

Haya. Uliuliza radhi.

Alikuachia. Unaweza kupumua. Ilikuwa Alhamisi ile ile, baada ya chakula cha mchana, alipojua kwamba hafiki magharibi. Alinishika mkono, akanivuta mpaka sikio langu likagusa midomo yake, akasema, "Mwambie kakako radhi zangu anazo zote, za dunia na za akhera. Asije akahangaika." Hakulalamika hata neno moja, nami nilikuwa namtazama machoni nikitafuta la kukuletea likuumize, sikulipata.

Nikaitoa simu. Nikamwambia, mama, sema tena kwa sauti kidogo nikurekodi, Hamisi apate kukusikia mwenyewe, atakuwa nayo maisha yake yote.

Alitikisa kichwa. Akaonyesha kwa kidole pale penye mbao.

"Wageni wamelala," akasema.

Kwaheri, kaka.

Mimi dadako wa tumbo moja,
Mwanasiti